Bwawa letu liko chini ya miguu yetu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Unguja tusijenge bwawa kama la Mtera ili kiangazi kisitutese. Mtera kuna mto mkubwa, Ruaha. Sisi mito yetu, hata Mwera, ni mifupi, na sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kama chekecheke. Ukichimba bwawa huko, yatapotelea chini.

Lakini ndiko yanakohifadhiwa. Mvua ya masika na vuli huzama na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari. Hapa ndipo penye hatari: kwa hesabu ya kawaida ya visiwa, uso wa maji baridi ukishuka mita 1 tu, ya chumvi hupanda kutoka chini kama mita 40. Kwa hiyo ukame ukija, kufunga pampu kubwa zaidi kwenye kisima kile kile cha pwani ni kukiua. Kikishaingia chumvi, huenda miaka ikapita kabla ya maji baridi kurudi.

Mimi ningeanza na kupima kina na chumvi ya visima kila mwezi, na pampu zipunguzwe mapema, tangu vuli inapokatika, tusingoje mifereji ya majumbani ikauke. Hoteli zipimiwe kila ndoo. Skuli na misikiti iwekewe matangi ya mvua ya mapaa. Na tafadhali, tuache kujenga kwenye vyanzo vya maji! Hilo linaniuma kuliko yote.