Barua kwa mwanangu: kuhusu wale watu wa video

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na zile karatasi mbili za bei ulizozipiga picha nimezisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya dada yako kwa sababu yangu imevunjika mkono. Unauliza uchukue nani wa kutengeneza video ya dakika 3 ya makawa na mikeka yetu, ya kuwaonyesha wanunuzi wa Ujerumani na zile hoteli za Entebbe: hiyo kampuni ndogo ya watu watatu wanaotaka shilingi milioni 4.5, au hiyo kubwa yenye ofisi ghorofani inayotaka milioni 18.

Mimi mdogo na mkubwa sijui kukupimia. Ninachotaka kujua ni kitu kingine: kazi ikishaisha, picha zote walizopiga, zilizoingia kwenye video na zisizoingia, zitalala kwa nani? Hilo hukuniandikia. Kwenye karatasi zote mbili nimelitafuta, sikuliona.

Unajua kwa nini nauliza. Ile video yetu ya 2013 unaijua kama kila mtu nyumbani anavyoijua, ile yenye muziki wa kelele ambayo shangazi yako hataki ichezwe mbele ya wageni. Lakini siku ya kupigwa hukuwepo, ulikuwa bweni, na mimi sijawahi kukusimulia yote kwa mpangilio. Wacha nikusimulie leo.

Tulikuwa wanawake 14 kwenye kikundi. Tulichanga karibu mwaka mzima, kila wiki elfu mbili mbili, tukapata milioni 1.2, tukaenda Kampala tukatafuta vijana wa video. Tulitaka kitu cha kuchezesha bandani kwetu kwenye maonyesho ya biashara ya Oktoba pale Lugogo. Wakatuomba asilimia 70 kwanza, tukatoa. Mkataba ulikuwa karatasi moja, na nusu yake ilikuwa jina la kampuni na nembo.

Walikuja wawili, saa tatu asubuhi, na kamera moja. Mvua ikaanza. Unajua mabati ya nyumba ya bibi yako mvua ikinyesha, hata adhana huisikii. Wakangoja. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana wa kamera, kwa sababu hakuwa na haraka, hakutazama saa. Alikaa mkekani, akala gurusa, zile chapati zetu nyembamba, kwa chai, akamuuliza bibi hili na lile. Mimi nasema siku zote, na utanisikia nikisema tena: mtu wa kamera kwanza akae. Asipokaa, atakachokipata ni nyuso za watu waliokaa vizuri kwa ajili ya mgeni.

Mvua ilipokata wakamhamishia bibi yako chini ya mwembe. Bibi akachukua kawa alilokuwa amelifikisha katikati. Bado naiona ile mikono. Wa kushoto umeshika msokoto wa majani, wa kulia unatoboa kwa sindano, unavuta ukindu mwekundu mpaka ule mlio mdogo usikike, halafu kidole gumba kinabana ili mshono usilegee. Anatoboa, anavuta, anabana. Na huku anavuta, akaanza kusema.

Hakuna aliyemwuliza. Alianza mwenyewe, Kinubi chetu na Kiswahili vikichanganyika, akaeleza tulivyokimbia 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, kupita Arua hadi Sudan. Alivyobeba watoto watatu, sufuria, na sindano ile ile aliyokuwa ameishika. Jinsi kambini kulivyokuwa hakuna ukindu, wakatumia nyuzi za magunia ya posho, na rangi wakachemsha magome. Akaeleza kila pambo: hili mama yake alimfundisha, hili alilibuni mwenyewe usiku mmoja asipopata usingizi, hili ni la arusi tu, usilifunikie chakula cha msiba. Mwanangu, mimi binti yake nilikuwa sijasikia nusu ya hayo. Tulikuwa tumesimama nyuma ya kamera wanawake wote, hakuna aliyekohoa. Yule kijana Kinubi hakijui, lakini hakuzima. Saa nzima na robo hakuzima.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kutazama. Dakika 2. Muziki kutoka mwanzo mpaka mwisho, jina la kikundi likizunguka zunguka, makawa yamepangwa juu ya meza. Bibi yako yumo sekunde nne, mikono tu. Uso hakuna. Sauti hakuna. Kijana akaniuliza, "Mama, iko sawa?" Nami nikamjibu iko sawa.

Hilo ndilo linaloniuma, na ninalirudia rudia kichwani hata sasa. Nilisema iko sawa kwa sababu Oktoba ilikuwa imefika, na kwa sababu niliona haya, na kwa sababu nilidhani kilichobaki kimebaki. Ukimpelekea fundi cherehani mita tano na gauni likala nne, mita moja si ipo? Siku yoyote unaiulizia, anainama chini ya meza anakutolea. Nilidhani na ile saa na robo iko chini ya meza ya mtu.

Bibi alipofariki 2016, arubaini ilipopita nikapanda taksi nikaenda. Ofisi walikuwa wamehama, nikauliza mpaka nikawapata. Yule kijana alinikumbuka, alimkumbuka na bibi, hata gurusa alizikumbuka. Nilipomwambia nilichokijia akanyamaza muda. Kisha akasema diski ile waliifuta 2014 ili waweke kazi ya harusi. Walikuwa na diski mbili tu, na diski wakati ule zilikuwa ghali. Hakunificha, namshukuru kwa hilo. Nilirudi Bombo sijui nimefikaje.

Binamu yako aliyesoma sheria ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda, ile ya 2006, mtu akiagiza kazi itengenezwe, haki ya kazi hiyo ni ya aliyeagiza, ila kama mkataba umesema vingine. Mkataba wetu haukusema lolote. Basi haki ilikuwa yetu tangu siku ya kwanza! Nilimwuliza, sasa naifanyia nini? Akashindwa kunijibu. Sheria ilitupa haki, lakini haikumwambia mtu yeyote aziweke picha. Kwa hiyo wewe akikuambia mtu "usijali, kazi ni yako", mwulize diski iko wapi.

Najua unafikiri nini hapo uliposoma. Unafikiri Mama anataka niende kwa wakubwa, wenye diski za kutosha na kabati la kufungia. Nami niliwaza hivyo, miaka mingi niliwaza hivyo. Lakini nikikaa nikafikiri vizuri, wangekuja watu kumi siku ile, na taa na nyaya na mwenye kupiga kelele "kimya!", bibi yako angeingia ndani na kufunga mlango. Unamjua. Alisema kwa sababu walikuwa watoto wawili walionyeshewa mvua, wakala kwake. Udogo wao ndio uliotupa ile saa na robo, na udogo wao ndio ulioipoteza. Ndiyo maana siwezi kukujibu swali lako kama ulivyoliuliza.

Na tena, hiyo kampuni kubwa, huyo aliyekuja ofisini kwako na tai, ndiye atakayekuja Bombo? Uliza. Kampuni yenye kazi nyingi huweza kukodi vijana wa siku moja, na vijana wenyewe ndio hao hao wa kampuni ndogo. Ukilipa milioni 18 ujue ngapi zinafika kwenye kamera na ngapi zinabaki ghorofani. Na uliza kama kodi ya VAT ya asilimia 18 imo ndani ya hiyo bei au itakuja juu yake, kwa sababu karatasi yao haisemi, na hapo kuna zaidi ya milioni 3 za kubishania.

Yeyote utakayemchukua, mimi ningefanya hivi. Nenda dukani ununue diski mbili wewe mwenyewe, kwa pesa yako. Jioni ya kila siku ya kupiga picha, kabla hawajaondoka, kila kilichopigwa kinakiliwe kwenye diski zote mbili, moja uiweke ofisini kwako, nyingine iletwe huku, nitaiweka kwenye sanduku la bibi. Usikubali kuambiwa tutakutumia kwenye intaneti. Iandikwe kwenye mkataba. Na malipo usitoe asilimia 70 kama sisi. Toa nusu ya kuanzia, sehemu nyingine ukishaona video ya kwanza, na cha mwisho ukishakabidhiwa kila kitu, pamoja na ile video isiyo na muziki na isiyo na maandishi. Siku ukitaka kuweka Kijerumani chini yake utaihitaji hiyo.

Masahihisho yaandikwe ni mara ngapi. Mara mbili zinatosha kama unajua unachotaka, na kama hujui hata mara kumi hazitoshi. Muziki wawe na idhini nao, au wamlipe mpigaji wa hapa hapa arekodi wa kwenu.

Halafu hiyo droni. Nimeona kwenye karatasi ya wakubwa, "picha za angani za mji wa Bombo". Mwanangu! Umezaliwa hapa. Mji wa kambi ya jeshi, mtu arushe droni juu yake kwa kuwa ameipanga kwenye bei? Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hata kama ni ya juu ya shamba la mihogo, na hapa kwetu kabla ya hapo kuna wanajeshi wa kuongea nao. Aliyeandika hivyo hajauliza hata mji wenyewe uko vipi. Hajakaa. Mimi nasema mtu kwanza akae, wewe unaniona nakurudia kama tasbihi, lakini tazama, hata kwenye karatasi ya bei inaonekana.

Kuhusu sauti, hakikisha wana kile kimaikrofoni kidogo cha kubana kwenye nguo. Maikrofoni ya kamera itakuletea boda zote za barabara ya Gulu na sauti ya msukaji utaitafuta. Na umeme usiutegemee, wabebe betri.

Sasa, uchague nani. Sitakuchagulia. Ni biashara yako, pesa ni yako, na nimewahi kumchagulia dada yako fundi wa milango, unakumbuka yaliyotokea. Ukiniuliza tena nitakuambia hivi hivi.

Lakini kuna kitu kimoja uliniandikia kwa kupita tu, na nimekifikiria siku mbili. Ulisema yule msichana wa sauti wa hiyo kampuni ndogo alikuuliza kama wanawake wetu huongea wanaposuka au hunyamaza. Na ulisema wale wengine walikuuliza nembo yako ni rangi gani. Nembo nayo ina umuhimu wake, sikatai. Wazungu hupenda nembo. Na wale wakubwa watakuwa na bima, na mtu mmoja akiugua yuko mwingine wa kuchukua kamera, ambapo hawa watatu mmoja akishikwa na malaria kazi imelala. Hayo yote ni kweli, nimeyapima. Ila yule msichana angekuwa chini ya mwembe siku ile, muziki usingewekwa juu ya sauti ya bibi yako. Basi, hapo nanyamaza.

Kama watakuja, yeyote yule, waje kwanza bila kamera. Jumamosi ni nzuri, tunakuwa wengi kwa mama mkwe wa shangazi yako, tuna kazi ya arusi ya mwezi ujao. Nitapika gurusa. Wawili kati ya wale 14 bado wanajua maneno ya bibi ya yale mapambo, si yote, lakini mengi, na mmoja macho yameanza kumwacha, kwa hiyo usingoje mwaka upite.

Lile kawa jekundu, lile la siku ile, nimelifunga kwenye shuka na gazeti juu, litakuja keshokutwa na yule dereva wa taksi jirani yetu. Mpokee mwenyewe, usimtume mtu wa ofisini. Lina sehemu moja pale katikati ambapo mshono umelegea kidogo, ndipo alipokuwa amefika mvua ilipoanza. Wakitaka kulipiga picha walipige hapo pia, na wanawe mikono kabla ya kulishika.

Mama yako