Kujifunza Kutangulia Kwenye Mwamba: Kwa Nini Nashauri Uanze na Mkufunzi

Wakwezi wengi wa Nairobi huanzia kwenye kuta za ndani, ambako kamba imekwisha kupitishwa juu na mtu akiteleza huning'inia karibu palepale alipofikia. Kutangulia kwenye mwamba wa nje ni kazi nyingine kabisa. Anayetangulia huondoka chini akiivuta kamba, huipachika njiani kwenye vifaa anavyovitega mwenyewe ndani ya nyufa, na akiteleza huanguka mara mbili ya umbali uliopo kati yake na kifaa cha mwisho, bila kuhesabu ulegevu wa kamba na kunyumbuka kwake. Usalama wake unategemea maamuzi aliyoyafanya dakika chache zilizopita, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi hii usifundishwe na rafiki aliyejifunza juzi, wala na video peke yake, bali na mkufunzi mwenye uzoefu atakayekagua kwa macho na mikono yake kila kifaa unachotaka kukitegemea.

Mimi nilijifunzia Lukenya, kilima kilicho kando ya Barabara ya Mombasa baada ya Athi River, ambacho mwamba wake ni mgumu na una nyufa za kila ukubwa. Mkufunzi wangu hakuniruhusu kutangulia mapema. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata nikiving'oa vifaa vyake, na kabla ya kung'oa chochote nilitakiwa kumweleza kwa sauti kimeshika wapi na kingechomoka kikivutwa upande gani. Wapo wanaoiona hatua hii kuwa ni kupoteza muda, lakini naamini hakuna inayofundisha zaidi, kwa sababu mikono huzoea kazi njema kabla ya kuombwa kuifanya.

Chukua mfano wa kabari, kile kipande kidogo cha alumini chenye kitanzi cha waya. Kwanza gonga mwamba kwa ngumi na usikilize: ukitoa mlio wa utupu, tafuta mahali pengine. Kisha tafuta sehemu ambapo ufa unajibana kuelekea chini, uingize kabari hapo hadi pande zake mbili zilale juu ya mwamba kwa sehemu kubwa ya uso wake, si kwa ncha tu, halafu uivute chini kwa nguvu ili ikae. Baada ya hapo unganisha mkanda mrefu kati ya waya na kamba, maana kamba inayopanda huyumba, na bila mkanda huo inaweza kuinyanyua kabari taratibu hadi ikatoka wakati wewe umekwisha kupita. Nilifanya zoezi hili nikiwa nimesimama ardhini, tena na tena, kisha nikatundika uzito wangu wote kwenye kila kabari huku mkufunzi akitazama.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutangulia huku nimefungwa kamba ya pili kutoka juu, ili kosa lolote la kutega lisinigharimu mwili. Hapo ndipo hesabu ya kuanguka ilipoeleweka. Kama kifaa chako cha mwisho kiko mita 3 kutoka chini nawe umefika mita 6, ukiteleza utafika ardhini, hata mshika kamba awe makini kiasi gani. Na ukiwa umevuta mita moja ya kamba ili uipachike kwenye kifaa kinachofuata, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo tega vifaa kwa ukaribu mwanzoni mwa njia, na hakikisha kamba haipiti nyuma ya mguu wako, kwani ukianguka hivyo utapinduka kichwa chini. Kofia ngumu ivaliwe siku zote, na mshika kamba naye avae.

Kagua pia mwenzako kabla ya kila njia: fundo la nane linalomfunga mkwezi kwenye kamba, vifungo vya mkanda wa kiunoni, karabina (pete ya chuma ya kuunganishia kamba) iliyofungwa kwa kufuli.

Kuhusu nanga ya juu, yaani vituo vilivyounganishwa kwa mikanda mwishoni mwa njia ili vishikilie kamba, jambo nililosisitiziwa kuliko yote ni pembe. Mikanda ya vituo viwili ikikutana kwa pembe isiyozidi nyuzi 60, mzigo hugawanyika vizuri; ikifunguka hadi nyuzi 120, kila kituo hubeba uzito mzima kana kwamba kiko peke yake.

Mkufunzi anayeyajua mazingira atakuambia pia mambo ambayo ukuta wa ndani hauna. Kwenye miamba yetu nyuki ni hatari ya kweli, hivyo angalieni nyufa kubwa mkiwa bado chini. Hell's Gate, karibu na Naivasha, tumbusi hutaga kwenye majabali, nao wana haki ya kuachwa kwa amani. Waulize askari wa hifadhi ni sehemu zipi za kuepuka kabla hamjafungua mabegi.

Unapomtafuta mkufunzi, muulize atakufundishaje kurudi chini ukiwa katikati ya njia na nguvu zimekwisha. Asiye na jibu la wazi, mwache. Njia yako ya kwanza ya kutangulia iwe rahisi sana kuliko uwezo wako, na kama utalazimika kuacha kabari mbili mwambani ili ushuke salama, ziache.