Roboti ikicheza dansi, wewe tazama vidole

Wiki hii msomaji mmoja ametuma video ya roboti inayopiga sarakasi, na chini yake swali: mwanawe amepata nafasi VETA kusomea ufundi umeme, je, ada hiyo si ya kutupa ikiwa bilionea Elon Musk, mkuu wa kampuni ya magari ya Tesla, anasema roboti zitafanya kazi zote? Jibu limo ndani ya video za aina hiyo, ila wengi wetu hukodolea macho mahali pasipo.

Tunakodolea miguu, na miguu haina tena maajabu. Roboti hujifunza kutembea ndani ya kompyuta. Maelfu ya nakala za mwili uleule huanguka na kuinuka humo mpaka programu ipate namna ya kusimama, kisha programu hiyo hupakiwa kwenye mwili wa chuma. Hilo linawezekana kwa kuwa sakafu ni rahisi kukokotoa: ni ngumu, imetulia, na inaguswa na nyayo mbili tu. Sarakasi nayo ni mwendo uliofanyiwa mazoezi mapema. Ili iruke, roboti haihitaji kujua mezani kuna nini. Ndiyo maana mwaka 2024 kampuni ya Unitree ya China iliweza kuitangaza roboti yake ya G1 kwa dola 16,000, na kwa kweli inaruka vizuri.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ni shati lililokunjamana. Mkono wa binadamu una vipokezi vya mguso wapatao 17,000. Ndivyo vinavyokuonya kwamba kikombe kinaanza kuteleza kabla jicho halijaona. Roboti nyingi hutegemea zaidi kamera, na mkono ukishakamata kitu, mkono huohuo unakiziba kisionekane. Nguo, waya, mfuko wa plastiki na unga hubadilika umbo kila vikiguswa, kwa hiyo mazoezi ya ndani ya kompyuta hayafanani sana na meza halisi.

Kuna na tatizo la kifundi. Mota zenye nguvu ya kutosha hazienei ndani ya kiganja. Huwekwa kwenye kigasha, na vidole huvutwa kwa nyaya nyembamba zinazofanya kazi ya kano. Nyaya hizo hulegea, husuguana, hukatika. Mota ndogo ikishikilia mzigo kwa muda mrefu hupata moto. Ukisikia mkono mpya una viungo 22, uliza unafanya kazi saa ngapi kabla fundi hajaufungua.

Basi video ikifika kwenye simu yako, zima muziki kwanza. Tafuta pembeni maandishi madogo kama "2x" au "10x". Yasipokuwepo, subiri kitu kidondoke: kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa karibu nusu sekunde, na kikifika mapema zaidi ya hapo, video imeharakishwa. Hesabu mikato. Kazi ya dakika moja iliyokatwa mara sita inaweza kuwa imeunganishwa kutoka majaribio sitini. Inua macho uone kama kuna kamba iliyoishikilia roboti kutoka juu.

Mwisho kagua kingo za picha. Januari 2024 Musk alirusha video ya Optimus, roboti ya Tesla, ikikunja shati. Watazamaji wakaona pembeni mkono wa mtu ukienda sambamba na wa roboti, na Musk akasema kwamba haiwezi bado kufanya hivyo yenyewe. Oktoba mwaka huohuo, huko Burbank, California, Optimus zikawagawia wageni vinywaji na kupiga nao soga, kumbe nyuma yake walikuwapo watu wakizisaidia kwa mbali.

Wengine angalau husema. Kampuni ya 1X inaiuza roboti yake ya nyumbani, NEO, kwa dola 20,000 na kueleza waziwazi kwamba ikikutana na kazi isiyoijua, mfanyakazi wa kampuni anaweza kuvaa miwani yenye skrini na kuiendesha akiwa kwingine, akiona ndani kwako kupitia kamera. Umenunua mashine, ukaletewa kibarua asiyeonekana. Nairobi wanaifahamu biashara hiyo: mwaka 2023 ilifichuka kwamba vijana wa huko walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili ChatGPT ionekane na adabu.

Betri ni hesabu ya shule ya msingi. Tesla ilipoonyesha Optimus mwaka 2022 ilitaja betri ya kilowati-saa 2.3, na matumizi ya wati 500 ikitembea haraka. Gawanya: saa nne na nusu, basi. Kwenye nusu marathoni ya Beijing, Aprili 2025, roboti Tiangong Ultra iliyoongoza roboti zote ilitumia saa 2 na dakika 40, na ilibadilishiwa betri mara tatu njiani.

Mwenye kiwanda ana swali lake: nikibonyeza kitufe chekundu, nini kinatokea? Mkono wa roboti uliofungwa sakafuni ukikatiwa umeme, breki huugandisha palepale. Yenye miguu miwili inahitaji umeme ili isimame, kwa hiyo ukiukata, mwili mzima unamwangukia aliye karibu. Rodney Brooks, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya roboti ya iRobot, ameshauri watu wasiisogelee chini ya mita 3 roboti ya kimo cha mtu inayotembea. Na kama sakafu ni tambarare, miguu ya nini? DRC-Hubo ya Korea Kusini iliposhinda mashindano ya roboti ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, mwaka 2015, ilikuwa ikipiga magoti na kubingirika kwa magurudumu.

Tarehe za mabilionea zisome pamoja na mikataba yao. Mwaka 2019 Musk aliahidi teksi zaidi ya milioni moja zisizo na dereva ifikapo mwaka uliofuata. Juni 2025, jiji la Austin huko Marekani lilipata magari machache, kila moja na msimamizi ndani. Novemba 2025 wanahisa wa Tesla wakampitishia mpango wa malipo unaoweza kufika karibu dola trilioni 1, na mojawapo ya masharti yake ni roboti milioni moja. Muuza samaki hakwambii wameoza.

Kuhusu kijana, mlipie ada. Kuvuta waya ndani ya bomba la ukutani lenye kona mbili ni kazi ya vidole: mmoja anavuta, mwenzake anasukuma, na wote wawili wanasikiliza kwa ngozi kama waya umekwama au ganda lake linachubuka. Video ya roboti ikifanya hivyo, isiyo na mkato hata mmoja, ndani ya nyumba ambayo haijawahi kuingia, nitumie siku hiyohiyo.