Mama hajisikii vibaya, aache dawa za presha?

Mkuu, umesema mama alipimwa mara mbili, siku tofauti, ikasoma 168/100 na 164/98, ila kwa kuwa haumwi kichwa anataka kuacha dawa. Asiache! Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. WHO wanakadiria karibu nusu ya watu wazima wenye nayo hawajui kama wanayo.

Baba yangu mdogo alikuwa anameza kidonge siku kichwa kikigonga tu, kama panado. Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka, mdomo umeenda upande. Kiharusi. Mpaka leo vifungo vya shati anafungwa na mkewe.

Akivimba miguu (zipo dawa zinazoleta hiyo), arudi kwa daktari abadilishiwe, asiache kimyakimya. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ya kwenye mkate na dagaa wakavu pia. Kile kikopo cha chumvi kitoke mezani kabisa.

Kabla ya kupimwa akae dakika tano bila kuongea, mkono juu ya meza. Akifika anahema, mashine itadanganya.