Sauti kukatika kwenye WebRTC: bafa si ya kubahatisha

Kwenye WebRTC (teknolojia ya simu za sauti na video ndani ya kivinjari), umeweka `jitterBufferTarget = 0` kwenye Chrome, yaani milisekunde unazotaka sauti isubiri kwenye bafa (hifadhi inayosawazisha pakiti kabla sauti haijachezwa), ili kupunguza ucheleweshaji, na sauti bado inakatika kwa wanaotumia data ya simu. Hiyo 0 ni ombi tu. Kivinjari hukuza bafa chenyewe mtandao ukiyumba. Pima kwanza.

Ita `getStats()`, inayotoa takwimu za simu, mara mbili, sekunde 5 kati yake, kwa sababu hesabu zake ni za jumla tangu simu ianze. Gawa ongezeko la `jitterBufferDelay` kwa ongezeko la `jitterBufferEmittedCount`, zidisha kwa 1000: ndio wastani wa milisekunde sauti inazosubiri kwenye bafa. Kwenye `concealedSamples` (sampuli za sauti ambazo kivinjari kimebuni kuziba mapengo) toa `silentConcealedSamples`, la sivyo ukimya wa kawaida utauhesabu kama hitilafu.

`packetsDiscarded` ikipanda, mara nyingi pakiti zinafika zimechelewa: weka `jitterBufferTarget` iwe milisekunde 80, kisha 120. Opus, kodeki ya sauti ya WebRTC, kwa kawaida hubeba milisekunde 20 kwa pakiti, kwa hiyo kuongeza 5 hakuna maana. Kinachopanda kikiwa `packetsLost`, kukuza bafa peke yake hakutoshi; hakikisha SDP (maelezo ya simu ambayo pande mbili hubadilishana) ina `useinbandfec=1`, inayosaidia kurejesha sauti ya pakiti zilizopotea. Kikomo cha `jitterBufferTarget` ni milisekunde 4000, ila hiyo waachie watangazaji: kwa mazungumzo, ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) hupendekeza ucheleweshaji wa jumla usizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja.