Tupu Ilivuma Kama Nyuki, Nikaipa Kazi Ikasimama

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimetengeneza mota ya hewa ya vibao. Ikiwa tupu, bila kazi, inavuma kama nyuki, nikiifunga mkanda inasimama. Niongeze presha?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi.

Usiongeze presha, mdogo wangu. Kwanza sikia yaliyonipata.

Mashine yenyewe unaijua. Rota, yaani kile kipande kinachozunguka, imekaa upande ndani ya silinda, haiko katikati, na kila mfereji wake una kibao kinachoteleza. Hewa iliyobanwa inaingia penye nafasi finyu, inasukuma kibao, chumba kati ya vibao viwili kinapanuka huku presha ikishuka, mpaka kwenye tundu la kutokea. Pampu za vibao zimo hata katika kitabu cha Agostino Ramelli cha 1588. Mota hii haina pistoni wala valvu, na wepesi huo ndio ulionidanganya.

Ya kwanza niliikereza kwa miezi mitatu. Nilipofungulia hewa haikuzunguka kabisa. Hewa ilipita moja kwa moja kama inapita kwenye bomba. Vibao vyangu vilitegemea mzunguko viruke nje, na mzunguko haukuwepo. Nikaweka springi ndogo chini ya kila kibao, ikawaka mbio. Siku ile nilijiona bingwa!

Kwa majivuno hayo nikamwita fundi mmoja ninayemheshimu. Nikaifunga kwenye jenereta ndogo mbele yake. Ikazunguka kidogo, ikasimama, ikabaki kupiga mluzi. Akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akatabasamu, akasema: "Umetengeneza filimbi." Kisha akaondoka. Miaka imepita, lakini neno lile bado linaniwasha.

Kwa hasira nikaongeza presha. Mluzi ukazidi, kibao kikavunjika, silinda ikachanika mikwaruzo. Ndipo nilipokubali kuifungua na kupima. Kati ya rota na vifuniko vya ubavuni kulikuwa na pengo la milimita 0.2 kila upande. Mimi nilikuwa nimehangaika na ncha za vibao tu, kumbe hewa inatorokea pembeni!

Hapa ndipo wengi mnapopotea. Hewa inavuja muda wote presha ikiwepo. Rota ikienda kasi, kila chumba kinamaliza safari kabla hakijapoteza nyingi. Ukiipa kazi inapungua mwendo, hewa inapata muda wa kutoroka, nguvu inaisha, mwendo unapungua tena. Kwa hiyo mbio za mashine tupu zinaficha ugonjwa. Kupungua mwendo kwenyewe si kosa: mota hizi hutoa nguvu kubwa zaidi karibu na nusu ya kasi yake ikiwa tupu. Kosa ni kufa.

Nilikereza urefu wa silinda mpaka pengo likabaki milimita 0.04. Nilipojaribu kubana zaidi rota ikakwama, nikarudi nyuma. Vibao vya chuma nikavitupa, nikachonga vingine vya kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu, kwa sababu kibao ndicho kinachopaswa kulika, si silinda. Na oili: matone kidogo kwenye njia ya hewa hulainisha na pia huziba. Maji yaliyomo kwenye hewa yachujwe kabla. Hewa ikitanuka hupoa, na mimi nimewahi kukuta barafu kwenye tundu la kutokea.

Pima pengo. Kisha pima tena. Vijana mnapenda kufungua valvu ya hewa kuliko kushika geji ya kupimia pengo, mnataka mngurumo wa kurekodi kwenye simu. Nami nilikuwa hivyo, kwa hiyo nina haki ya kusema. Ukiniandikia tena, niambie pengo lako ni milimita ngapi. Presha sitaki kuisikia.

Mwezi uliopita jenereta yangu iliwasha taa, ikakaa jioni nzima bila kuzimika. Nilimpigia yule fundi aje aione. Alisema atapita. Bado namngoja.