Jahazi la mbao la zamani kulitia mota na rimoti: nilivyofanya la kwangu

Mleta mada, umeuliza kama jahazi la mapambo ulilorithi, lenye nyufa, linaweza kufungwa mota ya gari la kuchezea likaendeshwa kwa rimoti. Linaweza, mkuu. La kwangu lina sentimita 80, gogo moja la mwembe alilochonga marehemu babu, na lilikaa juu ya kabati miaka mingi. Lilinichukua miezi minne. Umeme wote ulikuwa kazi ya Jumamosi moja. Muda wangu uliliwa na mbao.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia nyufa. Mbao ilikuwa kavu kabisa, nikajaza epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) iliyochanganywa na unga wa msumeno, nikapiga msasa, ikang'aa. Kuitia majini siku mbili tu, mwembe ukanywa maji, ukavimba, na kwa kuwa epoksi haibonyei, ukapasuka upya pembeni ya pale nilipoziba. Ndiyo maana mafundi wa vyombo hutia kalafati, yaani hushindilia nyufani pamba yenye mafuta: mbao ikivimba, pamba inabanwa, chombo kinakaza. Kwa hiyo chagua moja. Ama kalafati, ama epoksi nyepesi ndani na nje pote ili mbao isionje maji kabisa. Usichanganye, penye mafuta epoksi haishiki. Mimi nilikwangua yote nikaanza upya kwa epoksi.

Kabla hujanunua chochote, lielee kwanza. Liweke kwenye karai kubwa, chora kwa penseli mstari unaotaka maji yafike, kisha tia vifuko vya mchanga ndani mpaka lizame hadi hapo. Pima mchanga huo: ndio uzito wote unaoruhusiwa kuongeza. Kwangu ilikuwa kilo 2.4. Hapo nikaachana na betri ya lithiamu, nikachukua ya risasi ya volti 6, zile za taa za kuchaji. Inakaribia robo tatu ya kilo, nikailaza juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo) ikawa farumi, uzito wa kukituliza chombo. Uzito uliobaki nikaujazia kwa chubwi za mshipi, zile risasi za kuvulia.

Kutoboa fashini, ule mti wa nyuma unaosimama juu ya mkuku, ndiko kulikonitoa jasho. Keekee za dukani ni fupi, nikamwomba mchomeleaji aniungie ya milimita 6 kwenye nondo nyembamba. Mara ya kwanza ikatokea chini, ubavuni mwa mkuku. Nikaziba kwa kijiti cha mninga, nikarudia huku mwanangu amechuchumaa pembeni akiniambia "baba, inapanda, inashuka". Humo hupita bomba la shaba, na ndani yake shafti ya milimita 4 yenye grisi, ya kuzungushia rafadha. Mota na shafti visipokaa mstari mmoja, chombo chote kinatetemeka kama cherehani. Mimi niliviunganisha kwa kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki, kinasamehe makosa madogo.

Sasa sikiliza hili: ncha ya ndani ya bomba lazima iwe juu ya usawa wa maji ya nje. Mimi niliikata fupi. Raskazone, pale Tanga mjini, asubuhi ya maji mafu, bahari kama kioo, jahazi likaenda vizuri kama dakika kumi, kisha tezi, yaani nyuma ya chombo, ikaanza kulala. Nikalifuata kwa kuogelea, watoto ufukweni wanacheka. Risiva, kile kipokezi cha rimoti, ilikufa siku hiyo hiyo, maji ya chumvi hayana huruma.

Kuhusu gari la kuchezea: mota yake inaweza kufaa, lakini saketi yake iache. Usukani wake mara nyingi ni kulia kabisa au kushoto kabisa, na chombo hakitaki hivyo. Nunua rimoti ya chaneli mbili ya gigahezi 2.4, servo moja (mota ndogo ya kugeuza usukani) na ESC, kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota. Mawimbi hayo ya redio hayapenyi maji, basi antena ipandishe. Yangu nimeifunga kwenye mlingoti. Tanga nimeliacha nyumbani, kaskazi ikivuma linalipindua.

Tuma picha ya tezi kwa karibu, na upime unene wa fashini. Ikiwa chini ya sentimita mbili usitoboe kwanza, tutafute njia ya kupitisha bomba kando ya mkuku.